Uhindini, Uzunguni na Nkuhungu: Rangi, Uraia na Ujirani katika Uwanda wa Kati

Majina ya mitaa huishi muda mrefu kuliko sheria zilizoyazaa. Msafiri anayeshuka katika stesheni ya reli ya Dodoma na kuuliza njia, hata leo, ataelekezwa kwa majina ya Uhindini na Uzunguni. Hakuna sheria ya sasa inayompangia mtu makazi kwa rangi ya ngozi yake, wala hakuna anayeyatamka majina hayo kwa nia mbaya. Hata hivyo, majina hayo ni ushahidi. Yanatuambia kwamba miji yetu ilipopimwa, jambo la kwanza lililoangaliwa halikuwa maji wala barabara, bali nani asikae karibu na nani.

Hekalu letu limo Nkuhungu, kata ambayo jina lake halina rangi. Wakazi wake ni Wagogo, Warangi, Wanyaturu, Wasukuma, Wachaga, Wahehe, na sisi tunaoitwa Wahindi. Katika toleo hili la kumbukumbu wengine wameandika juu ya ujenzi, ibada na wahisani. Sisi tumeona inafaa kuandika juu ya jambo ambalo katika sherehe huachwa pembeni kwa sababu ya adabu: ubaguzi wa rangi, ule uliotendwa dhidi ya Wahindi, ule uliotendwa na Wahindi, na safari ndefu iliyowafikisha watu wa nasaba mbalimbali kuitana majirani. Shukrani zisizokumbuka yaliyopita ni maneno mepesi, na tunapenda shukrani zetu kwa majirani ziwe na uzito.

Kabla ya reli

Ipo hadithi inayosimuliwa mara kwa mara, kwamba Wahindi wa Tanzania ni wajukuu wa vibarua walioletwa kutandika reli. Hadithi hiyo ni ya Kenya na Uganda zaidi kuliko ya kwetu. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta takribani wafanyakazi 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na wengi wao walirudi makwao mikataba ilipokwisha. Reli yetu ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na mikono iliyobeba mataruma yake ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya Waafrika.

Wahindi wa pwani yetu walikuja mapema zaidi, na walikuja na pepo. Majahazi ya Kutch na Kathiawar yaliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi, karne nyingi kabla ya garimoshi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya Mabhatia wa Kihindu kutoka Kutch, ilikodi forodha ya Sultani wa Zanzibar, na wakala wake Ladha Damji alijulikana kwa kila msafiri aliyetaka kwenda bara. Fedha za wafanyabiashara hao ndizo zilizogharamia misafara iliyopita katika uwanda huu wa Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita.

Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilifunga watu minyororo. Wahindi kadhaa wa Zanzibar walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Kiingereza kuwaachia huru watumwa wao. Waliopinga hatua hiyo hawakukosa. Anayejivunia ukale wa asili yake katika pwani hii apokee na sehemu hiyo ya urithi, kwa kuwa urithi hauchaguliwi kama nyanya sokoni.

Reli ilipofika Dodoma, maduka yakafuata. Mwenye duka alinunua ngozi, samli, asali, nta na karanga. Akauza nguo, chumvi, mafuta ya taa na shanga. Mara nyingi aliishi nyuma ya duka pamoja na familia yake. Alijifunza Kiswahili cha biashara, na baadhi yao wakajifunza Kigogo vizuri kuliko maofisa wa serikali. Lakini uwanda huu una ukame wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na baada yake ikaja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu. Katika miaka ya njaa mwenye mifugo huiuza kwa bei ya kutupa na mwenye nafaka huiuza kwa bei ya kupanda. Hapo ndipo mizani ya dukani ilipopata sifa yake mbaya. Walikuwapo wenye maduka waliokopesha na kusubiri mvua. Walikuwapo pia waliofanya dhiki ya jirani kuwa faida. Kumbukumbu ya watu iliwaweka wote katika kapu moja, na kapu hilo likaitwa Mhindi.

Ngazi yenye vipandio vitatu

Ukoloni haukuzua kila chuki, lakini uliipa chuki ofisi, muhuri na bajeti. Chini ya Waingereza jamii ya Tanganyika ilikuwa ngazi yenye vipandio vitatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa za aina tatu, na fedha zilizotengwa kwa kila mtoto zilitofautiana kwa rangi. Mishahara ya kazi ileile ilitofautiana kwa rangi. Jiji la Dar es Salaam liligawanywa katika kanda tatu za majengo, na mfano huo ukaenea katika miji ya bara.

Ngazi ya namna hiyo ina hila yake. Aliye katikati hutazama chini na kujiona bora, akasahau kutazama juu. Hakuruhusiwa kuingia katika klabu ya Wazungu, lakini alifarijika kwamba yupo mwingine asiyeruhusiwa kuingia kwake. Aliye chini naye hakumwona Gavana kila siku. Alimwona mwenye duka. Bei ya pamba iliamuliwa Liverpool, kodi iliamuliwa Dar es Salaam, lakini aliyeipokea shilingi ya mwisho mkononi mwa mkulima alikuwa Mhindi nyuma ya kaunta. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilizidisha umbali huo. Ilisemekana kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alikosa mkopo ambao mwenzake Mhindi aliupata kwa neno tu, kutoka kwa jamaa na watu wa jumuiya yake. Baada ya hapo watu wakasema Mwafrika hajui biashara, kana kwamba ni tabia ya damu wala si kazi ya sheria.

Hata siasa za kuelekea Uhuru zilianza ndani ya ngazi hiyo. Mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa sawasawa, 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, ingawa Waafrika walikuwa mamilioni, na Waasia na Wazungu kwa pamoja hawakufika hata watu laki mbili. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu, moja kwa kila rangi. TANU iliuchukia utaratibu huo, lakini katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe kushiriki. Wale waliokataa walijitenga wakiongozwa na Zuberi Mtemvu na kuunda chama chao. Mfumo uliobuniwa kuwatenganisha watu ukawa daraja: Waafrika waliwapigia kura Waasia na Wazungu waliounga mkono Uhuru, na hivyo Sophia Mustafa, Amir Jamal, Mahmud Rattansey na wengine wakaingia barazani kwa kura za watu wa rangi nyingine.

Kwa wanachama wa hekalu letu ni vyema kukumbuka pia jina la Kantilal Jhaveri, mwanasheria wa Kihindu wa Dar es Salaam. Mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama chake, waliosimama kumtetea walikuwa Pritt kutoka Uingereza, Rattansey wa Tabora na Jhaveri. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wakati ule waliona usalama wao uko katika kunyamaza. Wachache hao waliona kwamba usalama unaotegemea ukoloni ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa anafunga mizigo.

Maneno yanayouma

Kiswahili kimehifadhi historia hii bila ya kuhukumu. Mhindu wa zamani aliitwa Banyani, na methali ikasema: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Tuitafakari methali hiyo kwa utulivu. Inamtukana mtu na papo hapo inakiri kwamba anafaa. Ndivyo wengi walivyomwona mwenye duka: hatakiwi, na hakosekani.

Lipo pia neno bepari. Lilikuja kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lilipokaa katika Kiswahili lilibeba uchungu wa mizani na bei, na katika miaka ya Ujamaa likawa jina la mnyonyaji. Maneno mengine ya asili hiyohiyo hayakupata msiba huo. Gari, pesa, laki, bima, hundi, chapati na bajia yamekuwa Kiswahili kamili, wala hakuna anayeyadai cheti cha kuzaliwa. Mahindi yenyewe, chakula cha kila siku, yamebeba jina la Uhindi ingawa asili yake ni bara la Amerika. Ugali ungekuwa na pasi ya kusafiria, maofisa wa uhamiaji wangeshindwa kuijaza.

Yapo maneno mengine ambayo hatuwezi kuyacheka. Ponjoro na gabachori yametupwa barabarani kwa Wahindi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi vilipoanza, neno la pili lilipanda hadi kwenye majukwaa ya siasa. Nalo neno golo, lenye harufu ya utumwa, limetamkwa ndani ya nyumba za Wahindi kumtaja Mwafrika, mara nyingi mbele ya yaya au mpishi aliyedhaniwa haelewi. Alielewa. Mtu hahitaji kamusi ili ajue kwamba anadharauliwa. Na watoto waliokuwa mezani walielewa pia, wakajifunza kabla ya kujua kusoma kwamba ubinadamu una madaraja. Tusi la barabarani huonekana na kukemewa. Tusi la mezani hurithishwa pamoja na chakula.

Oktoba 1961

Swali kubwa liliulizwa bungeni mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru: ni nani atakayekuwa raia wa Tanganyika? Muswada wa serikali uliufungua uraia kwa watu wa rangi zote kwa masharti ya kuzaliwa na kuishi nchini. Aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa hapa angekuwa raia mara moja. Wengine waliostahili wangepewa miaka miwili kujiandikisha. Wabunge kadhaa walipinga vikali. Hoja yao haikuwa ya kijinga, wala hatupaswi kuidharau. Walisema Mwafrika amebaguliwa nchini mwake kwa miaka mingi. Wakauliza kwa nini aliyenufaika na ngazi ya wakoloni apewe haki sawa kabla yule aliyekandamizwa hajainuliwa.

Mwalimu Nyerere alijibu kwa ukali ambao Bunge halikuuzoea. Aliwaambia kuwa kuugeuza uraia kuwa suala la ngozi ni kuifuata njia ya Hitler, na kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali kanuni hiyo. Muswada ukapita. Tunapaswa kuelewa uzito wa tendo hilo. Wahindi hawakuwa na kura nyingi za kumpa, na kuwatetea kulikuwa hatari kwake kisiasa. Alitetea kanuni, na kanuni hiyo ndiyo paa lililo juu ya vichwa vyetu hadi leo.

Hatua nyingine zilifuata. Januari 1962 shule za rangi tatu ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Mwaka 1963 TANU, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya Waafrika peke yao, ilifungua milango ya uanachama kwa raia wa rangi zote. Tarehe 7 Januari 1964 Rais alitangaza kwamba upendeleo wa rangi baina ya raia katika ajira ya serikali umekwisha. Siku chache baadaye yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, ambamo Waarabu na Waasia wengi waliuawa au kukimbia, na kabla ya mwezi kwisha wanajeshi wa Tanganyika wakaasi. Kanuni ya usawa ilizaliwa katika wiki ngumu kweli.

Wahindi walilijibuje swali la uraia? Baadhi walijiandikisha kwa moyo wote. Wengine, katika familia moja, waligawana: baba akachukua uraia wa Tanganyika kwa ajili ya leseni ya biashara, mama na kaka wakabaki na pasi za Kiingereza kama akiba. Waliita hekima, majirani wakaita mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha mwaka 1968 Uingereza, ikiwaona Waasia wa Kenya wakiingia kwa wingi, ilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango wenye pasi hizo wasiokuwa na babu wala baba Mwingereza. Pasi ilikuwa ya kweli, muhuri ulikuwa wa kweli, lakini rangi haikukubalika. Waliofikiri kwamba ubaguzi ni tatizo la Afrika walijifunza jiografia upya.

Majengo ya mwaka 1971

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mabenki, viwanda vikubwa vya kusaga nafaka na biashara ya kuagiza na kuuza nje vikawa mali ya umma. Kwa kuwa ngazi ya ukoloni iliwaweka Wahindi katika biashara, sera iliyolenga tabaka iliwagusa kama rangi. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema, na mwezi huohuo aliandika makala kueleza kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja.

Pigo lililokumbukwa zaidi ni la Aprili 1971. Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliiruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wamiliki wengi walikuwa Wahindi, ingawa wapo Waafrika na Waarabu walioguswa pia. Majengo yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye, mwaka 1990, yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa familia iliyojenga ghorofa moja kwa akiba ya vizazi viwili, ikiishi juu na kupangisha chini, ile haikuwa nadharia. Wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada.

Juu ya sheria ile kuna maoni mawili yanayostahili kusikilizwa, na hayapatani kwa urahisi. Moja linasema: watu walipoteza jasho lao, na jamii nzima ilijeruhiwa. La pili linasema: katika miji ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kujenga katikati ya mji, mali ile ilikusanywa ndani ya uzio wa ubaguzi, na nchi masikini ilikuwa na haki ya kuuvunja. Sisi tunaona kwamba yote mawili ni kweli. Haki ya wengi inaweza kutimizwa kwa namna inayomuumiza asiye na hatia, na uchungu wa asiye na hatia haufuti dhuluma iliyotangulia. Asiyekubali kubeba kweli zote mbili ataiandika historia kwa mkono mmoja.

Ili kupima vizuri, tutazame jirani. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na hata walio raia walinyang'anywa vyeti vyao. Makumi ya maelfu waliondoka na masanduku machache. Mwalimu Nyerere alilaani kitendo hicho hadharani na kukiita ubaguzi. Tanzania ilitwaa majengo. Haikumtwalia mtu utu wake wala uraia wake. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya waliobaki waweze kubaki.

Ubaguzi hauna nchi moja

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, Wahindi wakiwa wametendewa na Tanzania ikiwa imewahifadhi. Lakini tarehe 31 Januari 2016, katika jiji la Bengaluru nchini India, kundi la watu lilimshambulia na kumvua nguo mwanafunzi wa kike Mtanzania. Kosa lake lilikuwa ngozi yake: mtu mwingine, raia wa Sudan, alikuwa amemgonga mwanamke kwa gari na kumuua, na wale watu wakalipiza kwa Mwafrika yeyote waliyemkuta. Serikali yetu ilidai maelezo, na India ikaomba radhi. Hukumu ya namna hiyo, ya mmoja kwa kosa la mwingine, Wahindi wa Afrika Mashariki wanaijua. Aprili 2007, katika maandamano mjini Kampala ya kupinga msitu wa Mabira kugeuzwa shamba la miwa la kampuni ya Mhindi mmoja, Mhindi asiyehusika alipigwa hadi kufa, na wengine walijificha ndani ya hekalu la Kihindu mpaka polisi walipowaokoa.

Hata Mahatma Gandhi hakuepuka maradhi haya. Juni 1893 alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwa sababu ya rangi yake, na kutoka hapo akaanza safari iliyoutikisa ufalme. Lakini katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo aliwataja Waafrika kwa dharau, akidai Wahindi wasiwekwe daraja moja nao. Ndiyo sababu sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana Desemba 2018. Tunamheshimu Gandhi, na heshima haitaki tufiche. Alibadilika kadiri alivyoishi, na viongozi wa Kiafrika waliomsoma walichukua mbinu yake wakaacha makosa yake. Mkubwa hapungukiwi na ukweli wake wote kusemwa.

Tena, kabla ya rangi, Bara Hindi lilikuwa na jati. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilifuta kutoguswa kwa watu wa tabaka la chini, chini ya uongozi wa kisheria wa Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka hilo. Jati zilivuka bahari ndani ya masanduku: kila jumuiya na ukumbi wake, mpishi wake na ndoa zake. Aliyezoea kuuliza jati ya mtu kabla ya kunywa maji yake hakupata shida kuuliza rangi. Kwa hiyo anayetaka kung'oa ubaguzi nyumbani kwake aanze na mzizi wa zamani zaidi.

Na wapo watu ambao historia yao ni kioo cha yetu. Huko Gujarat, katika kijiji cha Jambur karibu na msitu wa Gir, wanaishi Masiddi, wajukuu wa Waafrika waliovuka bahari ileile miaka mingi iliyopita, wengi wao kwa utumwa. Wanaongea Kigujarati, wanakula chakula cha Kigujarati, na bado wageni huwauliza: mmetoka wapi? Swali hilo wajukuu wa Gujarat huulizwa Dodoma. Siddi wa Jambur na Mhindi wa Nkuhungu wakikutana wataelewana haraka.

Ugogo kama funzo

Wenyeji wetu wana funzo la kutupa, kama tutasikiliza. Mathias Mnyampala, mwana wa uwanda huu aliyezaliwa mwaka 1917 na mwasisi wa ngonjera, aliandika historia ya Wagogo mwaka 1954. Wanaoichunguza historia ya Wagogo wameonyesha kwamba koo zao zilitoka pande nyingi: Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru, Ukimbu na kwingineko. Walikutana katika nchi kavu, wakafuga, wakalima mtama na uwele, wakaoana, wakawa Wagogo. Hata jina lenyewe linasimuliwa kuwa walipewa na wapita njia. Kwa maneno mengine, mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana aliyekaa, akafanya kazi na kuzika wafu wake.

Wagogo wenyewe wamebaguliwa. Katika miji mikubwa jina lao liligeuzwa kuwa kisawe cha ombaomba, kana kwamba ukame ni tabia ya mtu. Na baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, mashamba na malisho ya wengi wao yaligeuka viwanja, migogoro ikadumu mpaka Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa mwaka 2017. Sisi tunaokaa juu ya viwanja hivyo, wa kila nasaba, tuna deni kwa waliotangulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Methali hiyo inatukumbusha kwamba ugeni mwema hupimwa kwa kupona kwa mwenyeji.

Uhindini ulipangwa, Nkuhungu umetokea. Hapa hakuna aliyepewa kiwanja kwa sababu ya rangi. Tunachota maji ya bomba lilelile yanapotoka, na tunasubiri pamoja yasipotoka. Vumbi la Septemba halichagui veranda. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila, rangi, dini na mahali mtu alipotoka. Lakini Katiba haiingii jikoni wala haikai mezani. Huko ndiko kazi iliyobaki ilipo, na hakuna Bunge litakaloifanya kwa niaba yetu.

Kwa hiyo, katika maadhimisho haya, tunawaomba wanachama mambo yanayowezekana. Neno la dharau lisitamkwe ndani ya nyumba zetu, liwe la rangi au la jati, na mtoto akilitamka aulizwe amelisikia wapi. Anayetufanyia kazi aitwe kwa jina lake, alipwe kwa wakati, na akiingia hekaluni apokee prasadi kwa mkono uleule unaompa tajiri. Watoto wetu wajifunze historia ya Ugogo pamoja na hadithi za Rama na Krishna. Kwa majirani ombi letu ni dogo: mtu wetu mmoja akikosea, mhukumuni yeye kwa jina lake, kwani nasaba haijawahi kupunja mizani. Na mnapotuona na taa za Diwali, msisimame nje ya lango mkidhani ni sherehe ya wageni.

Mafundisho ya kale ya dini yetu yanamweka mgeni katika heshima ya mungu. Ni mafundisho mazuri, lakini baada ya miaka hii yote tunaomba heshima iliyo ndogo zaidi, nayo tuko tayari kuitoa kwa wengine kama tunavyoiomba: ile ya mtu wa mtaa, anayebishiwa hodi bila miadi, anayekopwa chumvi, anayeitwa msibani. Uwanda huu umewapokea watu wengi kabla yetu na kuwafanya wake. Tuendelee kustahili kuhesabiwa miongoni mwao.